Kuprogramu dekoda: reli ya pembeni, reli kuu au kompyuta?

RelizaMezani:
Wakuu, habari za leo. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliozoea DCC, ule mfumo wa kuendesha treni za mfano kwa amri za kidijitali zinazopita relini, maana jana nimeaibika mbele ya watu.

Nina vichwa vya treni tisa mezani. Kimoja ni kipya, dekoda yake (kile kibao cha elektroniki ndani kinachopokea amri) bado ina anwani 3, yaani namba ya kukiitia, kama vinavyotoka kiwandani, nikataka kukipa 47. Mtambo wangu una njia moja tu ya kupeleka umeme relini, kwa hiyo ukiingia kwenye kuprogramu, meza nzima inageuka reli ya kuprogramu. Nami nikaviacha vyote tisa pale pale. Wageni wamekaa, nikaita 47, nikazungusha kitufe kidogo. Kichwa kipya kikaondoka. Na cha karakana kikaondoka, na cha mizigo, na viwili vilivyokuwa vinatazamana kwenye njia moja vikakutana pua kwa pua, magurudumu yanaendelea kuzunguka. Mtoto mmoja akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nilikosa jibu.

Nataka kubadili utaratibu. Mnatumia njia ipi, na imewahi kuwaangusha vipi?

FundiWaya:
Pole sana mkuu. Amri ya reli ya kuprogramu haibebi anwani. Dekoda yoyote inayoisikia inatii, iwe moja, ziwe tisa.

Mimi ni wa reli ya pembeni, kipande kilichotengwa kwa kuprogramu tu, na sihami. Sababu yangu kubwa ni umeme kuliko hata anwani. Reli ile inapewa umeme mdogo, na dekoda inajibu kwa kuistua mota: angalau miliampea 60 kwa takriban milisekunde 6. Ndiyo maana kichwa kinatikisika kila kinaposomwa.

Niliwahi kufunga dekoda kwenye kichwa cha zamani. Waya mwekundu na mweusi kwenye magurudumu, wa chungwa na wa kijivu kwenye mota, kazi safi kabisa kwa macho. Sikupima kwa multimita kama mota imeachana na chasisi. Brashi ya chini ilikuwa inagusa chuma. Nikakiweka moja kwa moja kwenye reli kuu, ile ya kuendeshea treni mezani, yenye busta (kikuza umeme) ya ampea 5. Haikuchukua sekunde mbili: harufu, kisha kidoa cha kahawia kwenye plastiki ya dekoda. Ningeanzia reli ya pembeni, ningepata ujumbe wa hitilafu, na dekoda huenda ingepona.

NjiaPanda:
Naongezea kwa Fundi. Ukikata reli ili kutenga kipande cha kuprogramu, kata reli zote mbili, na usiiweke reli ya kuprogramu mahali treni inapita. Mimi niliiweka katikati ya njia ya bohari. Siku moja kichwa kirefu kikasimama juu ya mkato, magurudumu ya mbele upande mmoja, ya nyuma upande mwingine. Umeme wa reli kuu ukapitia humo hadi kwenye upande wa kuprogramu wa mtambo, na upande huo haukufanya kazi tena. Sasa nina kipande kisichoungana na meza kabisa. Kichwa nakibeba kwa mkono.

DadaSignali:
Samahanini, mimi naitetea reli kuu. Pale unamlenga mmoja kwa anwani yake, wengine hawaguswi. Na kuna mambo huwezi kuyapima kichwa kikiwa kimesimama kwenye kipande cha sentimita 40. Chukua CV, yaani mipangilio yenye namba ndani ya dekoda: CV2 ya kuanzia mwendo, CV3 ya kuongeza kasi, CV4 ya kupunguza, sauti ya injini: haya unayarekebisha treni inatembea na mabehewa yake, unaona tofauti papo hapo.

Kosa langu lilikuwa hili. Macho yangu yalikuwa kwa kichwa 21, rimoti bado imeshika kichwa 12. Nikaandika CV4 kuwa 40. Kwa 21 sikuona mabadiliko, nikadhani amri haikufika, nikaacha. Kesho yake 12 inaingia kituo cha mwisho, narudisha kitufe hadi sifuri, nayo inakuja tu. Thamani 40 ni kama sekunde 36 kutoka kasi kamili hadi kusimama. Ilipita jukwaa zima, ikang'oa kizuizi na kuning'inia ukingoni mwa meza, na mimi nimesimama pale nabonyeza sifuri. Tangu hapo, kabla ya kuandika chochote nawasha na kuzima taa ya kichwa ninachokusudia. Ikipepesa yenyewe, naandika.

FundiWaya:
Hapo ndipo penye shida yangu na reli kuu, dada. Bila RailCom, mfumo wa dekoda kurudisha taarifa kupitia reli, hairudishi jibu. Unaandika bila kuona.

DadaSignali:
Ni kweli. Na anwani siibadilishi huko hata siku moja.

BehewaLaTatu:
Mimi nina swali dogo. Taa za kichwa changu zinawaka na kuzimika kila nikiongeza mwendo. Nimebadilisha balbu mara mbili.

NjiaPanda:
Balbu ni nzima. Rimoti inatuma hatua 28 za mwendo, dekoda imewekwa 14. Soma CV29, na kama biti ya hatua (swichi ndogo ndani ya namba hiyo, yenye thamani 2) haijawashwa, ongeza 2.

Karani_wa_Stesheni:
Kompyuta haijapata mtetezi, basi niisemee. Natumia JMRI, ni programu ya bure ya treni za mfano, na sehemu yake iitwayo DecoderPro inatunza faili la mipangilio ya kila kichwa.

Nilianza kuithamini baada ya kichwa changu cha 4712 kugoma. Kinasomeka vizuri, taa zinaitika, lakini hakitembei. Nikaandika 8 kwenye CV8, ambayo kwa dekoda nyingi inarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kikatembea, ila kwa anwani 3, na mpangilio wote wa sauti niliouhangaikia wiki tatu ukafutika. Tatizo lenyewe lilikuwa CV19, inayoshika anwani ya pamoja ya vichwa vinavyovuta pamoja: nilikuwa nimekiunganisha na kichwa kingine kuvuta treni ndefu, nikasahau kukitoa. Kuandika 0 tu kungetosha. Kisha katika kurudisha anwani ndefu nikaweka 6 kwenye CV29 badala ya 38, yaani bila biti ya anwani ndefu, nikapoteza jioni nzima nikiita 4712 wakati chenyewe kinangoja 3.

Lakini ikiandika bila kulenga anwani, kompyuta bado inahitaji reli ya pembeni. Ukiiunganisha hivyo na meza yenye vichwa tisa, itaviandika vyote tisa.

RelizaMezani:
Asanteni sana wote. Nimetoa vichwa vyote mezani. Nimechukua kipande cha reli kilichobaki, nimekipa waya wake kupitia swichi inayokata nyaya zote mbili: upande huu meza, upande ule kipande. Nikaweka kimoja kimoja, nikakiandika, nikakisoma, nikakitoa. Kila kimoja nimekibandikia namba yake tumboni. Cha mizigo ndicho cha mwisho, kinakataa kusomeka. Fundi, nimeanza kukifungua, napima mota na chasisi kwanza.