Wauza redio za magari, hilo neno "inakubali" limetuchosha

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu. Nina hasira, nimelala nazo na nimeamka nazo, kwa hiyo atakayeona uzi ni mrefu apite kimya kimya.

Nina kipleya cha MP3, kidogo kama kiberiti. Nilikinunua enzi zile nyimbo tunajaziwa kwenye intaneti kafe kwa kulipia. Ndani kuna nyimbo zaidi ya elfu mbili, dansi la zamani, taarab alizopenda marehemu mama, na dakika kumi na moja za mama mwenyewe akiimba jikoni siku ya harusi ya dada yangu. Msiniambie nihamishie kwenye simu. Simu yangu ni ya kazi, inaita kila baada ya dakika tano. Kipleya hakipigiwi na watu wa mikopo ya mtandaoni wakimtafuta rafiki yako.

Ninachotaka ni kukisikiliza kupitia spika za gari langu, kutoka Kimara mpaka Posta. Basi. Sijaomba kwenda mwezini.

Gari ni la Kijapani, mtumba, la 2004. Redio iliyokuja nayo ina maandishi ya Kijapani, ina CD, na ina tundu la MD, vile visahani vidogo ambavyo Wajapani walianza kuviuza mwaka 1992 na huku kwetu karibu hakuna aliyewahi kuviona. Tundu la AUX, lile la kuchomekea waya wa muziki, haina. La USB haina. Kwenye lile la MD naweka risiti za mafuta.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani, mchangamfu kweli, akanitolea modulata, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ikarusha muziki kwa FM. Nikamuuliza mara mbili, gari langu redio yake ni ya Japani, itakubali? Akanijibu bila hata kutazama nje lilipo gari: "Inakubali kaka, gari zote." Sh 20,000 ikatoka.

Kwa wasiojua, sikilizeni, maana kijana anajua na hakusema. Redio za Japani zimetengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 mpaka 90, hizi za karibuni ndio zimesogezwa mpaka 95. Sisi vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Modulata nazo zinarusha humo humo, 87.5 mpaka 108. Yaani redio yangu na modulata yao vinakutana kwenye kipande kidogo tu, kama majirani wanaopakana choo. Ndiyo maana magari mengi yakishuka bandarini yanafungwa ekspanda, kidude kinachokaa kwenye waya wa antena na kuteremsha masafa ili vituo vya huku visikike kwenye redio ya kule. Sasa ekspanda zinatofautiana. Kuna za kuteremsha 10, za 12, za 15, za 20. Yangu ni ya 12. Nimejuaje? Kwa kujitesa. Kituo ninachokifahamu kiko 100.5 kwenye redio ya nyumbani, kwenye gari kinasoma 88.5.

Modulata ilitoka dukani ikiwa kwenye 87.5. Toa 12, unapata 75.5. Redio yangu inaanzia 76! Nimekaa siku tatu nikizungusha kitufe, nikisikia upepo mtupu, nikidhani kipleya kimekufa. Kumbe nilikuwa natafuta namba ambayo redio haina. Nikirudi dukani ananiambia "labda hujabonyeza vizuri".

Haya, nikapiga hesabu mwenyewe, nikairusha 88.3, redio nikaiweka 76.3. Ikakubali! Wiki nzima nikawa mtu mwenye furaha, mpaka ile Ijumaa Magomeni.

Foleni imesimama kabisa. Taarab iko katikati, kinanda kinapanda, mara paap, mtu anafoka ndani ya gari langu: "Toka! Toka katika jina la…" Nikashtuka, nikazima, nikawasha, mahubiri yanaendelea. Gari la mbele likasogea kidogo, taarab ikarudi. Likasimama, mchungaji akarudi. Kutazama kulia, kuna mama kwenye gari dogo jeupe, kioo kiko chini, naye anagonga redio yake kwa kidole, kakunja uso. Nikaelewa. Naye ana modulata, iko kwenye namba ile ile, na FM ilivyo mwenye nguvu zaidi pale ulipo ndiye anayesikika. Tukasogea pamoja hivyo mpaka Jangwani, mimi napewa mapepo yatoke, yeye anapewa mipasho. Sijui ni nani alikwazika zaidi.

Hiyo nilisamehe. Ambayo sikusamehe ni ya fundi.

Kipleya chaji ikiisha nakichaji kwenye tundu lile lile la sigara. Nikikichaji huku kinapiga, kunatoka mlio nyuma ya muziki, nyiiiii. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, kama mbu anayeendesha gari pamoja nami. Fundi wa redio, tena wa kibandani kwake kuna spika hadi juu ya paa, akasikiliza sekunde kumi akasema: "Alteneta imekufa bosi. Laki na themanini na kazi juu."

Laki na themanini! Namshukuru Mungu sikuwa nazo. Binamu yangu fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. Alteneta ni nzima, inachaji betri vizuri tu. Kinachotokea ni kwamba kipleya kimeshika ethi, yaani hasi ya umeme wa gari, mara mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa muziki unaoingia kwenye modulata, na modulata nayo imechomekwa kwenye umeme wa gari hilo hilo. Panakuwa na mzunguko, na uchafu wa alteneta unapita humo ndani kuja kwenye muziki. Ndiyo maana unafuata mwendo wa injini. Jaribio lake halina gharama: chomoa chaja, acha kipleya kitumie betri yake. Mlio ulikata pale pale. Dawa yake ni kijisanduku kinachokaa katikati ya waya wa muziki kukata ule mzunguko, mimi nimekipata kwa Sh 12,000. Mtu alitaka nibadilishe alteneta nzima kwa tatizo la elfu kumi na mbili. Huu si ufundi, ni uporaji wenye bisibisi.

Nikachoka, nikasema bora ninunue redio mpya kabisa. Duka lingine, wimbo ule ule. "Ina USB, ina AUX, ina Bluetooth, kila kitu inakubali." Boksi lina picha ya iPod, kitu kilichozaliwa 2001 na kusitishwa 2022, ndio bado wanakitumia kutushawishi. Sh 95,000 na kufungiwa.

Nachomeka kipleya kwa USB, kioo kinaandika NO FILE. Nyimbo elfu mbili, NO FILE! Kumbe redio inataka kitu kinachojitambulisha kama flashi, na kipleya changu hakijitambulishi hivyo, kinataka kuongea na kompyuta kwa lugha yake. Sawa, nikanunua flashi ya GB 64. Haisomi. Yangu ilikuja na fomati ya exFAT, yaani namna ya kupanga mafaili ndani yake, redio inajua ile ya FAT32 tu, na kompyuta yangu ya Windows ukiiambia ifomati flashi ya GB 64 kwa FAT32 inakataa, mwisho wake ni 32. Kaandika wapi huyu muuzaji? Hakuandika popote. "Inakubali."

Nikapata programu ya kufomati, ikasoma. Sasa inapiga nyimbo kwa mpangilio nilionakili, si kwa majina, na kila nikizima gari inaanza upya wimbo wa kwanza. Huo wimbo wa kwanza niliupenda. Nimeusikia asubuhi, nikitoka sheli, nikitoka benki, nikitoka kumchukua mtoto shule. Sasa ukianza mtoto anaziba masikio.

NYONGEZA: Aliyesema "nunua redio ya Android acha ushamba", ndugu yangu, jirani yangu anayo redio ya kisasa ya Kijapani yenye ramani, alitoa betri kuibadilisha tu, ikajifunga, ikamwandikia Kijapani na kudai namba ya siri. Mwezi sasa anaendesha kimya. Tuheshimiane.

NYONGEZA 2: Mliosema nitumie waya wa AUX, asanteni, ndicho ninachofanya tangu leo asubuhi. Waya wa Sh 3,000. Redio ya elfu tisini na tano naitumia kama njia ya kupitisha waya wa elfu tatu, lakini mama ameimba kutoka Kimara hadi Manzese bila mbu na bila mchungaji.

Modulata bado ninayo. Anayeitaka aje achukue bure, ila aje anajua ekspanda yake ni ya ngapi.