Viti 51 kwa 51: je, Barking and Dagenham iendelee kuchagua madiwani hivi?

Ndugu zangu wa mashariki ya London, na ninyi mnaofuatilia mkiwa nyumbani, naomba tuliongee hili waziwazi.

Mei 5, 2022, manispaa ya Barking and Dagenham ilichagua madiwani 51, na wote 51 wakatoka chama cha Labour. Mwaka 2018 ilikuwa hivyo hivyo, na 2014, na 2010. Lewisham, manispaa nyingine ya London, nako Labour ilizoa viti 54 kwa 54 mwaka 2018, ikarudia 2022.

Wengi wetu tukisikia chama kimoja kimezoa kila kiti tunawaza wizi wa kura. Hapa hakuna aliyeiba. Ni hesabu. Kata nyingi za London zina madiwani watatu, nawe unaweza kupiga kura tatu. Watatu wanaoongoza ndio wanaopita. Chukua kata ambayo chama kimoja kina asilimia 45, cha pili 35, cha tatu 20. Watu wakipiga kura kwa chama, kile cha kwanza kinabeba viti vyote vitatu, na wale asilimia 55 waliobaki hawana diwani hata mmoja. Rudia hivyo kata baada ya kata.

Na msidhani naisakama Labour. Siku hiyo hiyo, kule manispaa ya Richmond, London hii hii, chama cha Liberal Democrats walipata viti 48 kati ya 54, na Conservative wakaambulia kimoja. Mfumo unamuumiza yeyote aliye wa pili.

Kinachonikera zaidi ni kinachofuata baada ya kura. Halmashauri ndiyo inayopanga kodi ya manispaa, nyumba za umma, huduma za wazee na vibali vya ujenzi. Kamati ya madiwani inayopaswa kuwahoji viongozi inajaa watu wa chama kilekile. Nani atamuuliza kiongozi wa chama chake swali la kumtoa jasho, huku akitaka jina lake lirudi uchaguzi ujao?

Jirani yangu, mtu ninayemheshimu, hataki mfumo huu ubadilishwe, na ana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Anakumbusha kwamba mwaka 2006 chama cha British National Party, kilichotutaka watu weusi tuondoke, kilipata viti 12 hapa hapa na kuwa cha pili kwa ukubwa. Mwaka 2010 wakafagiwa wote. Anasema: tukigawa viti kwa uwiano, yaani kila chama kipate viti kulingana na kura zake, tutawarudisha.

Naielewa hofu yake, kwa sababu ni hofu yangu pia. Lakini wale 12 waliingia kwa mfumo huu huu anaoutetea. Na kilichowatoa 2010 ni watu kujitokeza: udiwani ulipigiwa kura siku moja na ubunge, na wanaharakati walikuwa wamegonga milango mtaa kwa mtaa.

Uskoti wamechagua madiwani kwa njia nyingine, ya uwiano, tangu 2007. Mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, na kura yake ikikosa kazi kwa mmoja inahamia kwa anayefuata. Ireland Kaskazini nao hufanya hivyo. Kata bado ina madiwani wake na unajua umlalamikie nani taka zisipozolewa. Kwa nini London isiweze?

Jambo hili ni letu. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi hapa anaweza kupiga kura ya udiwani bila uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Mkongomani na Mrundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Kila nikiwahimiza wenzangu wajiandikishe, jibu ni lilelile: "Ya nini, si matokeo yanajulikana?"

Kwa hiyo nauliza, hasa ninyi mnaoipigia Labour kila mara: mngekubali chama chenu kipoteze viti kumi na tano hapa ili jirani yenu naye apate diwani? Na anayesema hapana, atueleze yeye angeiwekaje halmashauri ya chama kimoja ihojiwe.