Breki za trela zimeganda, ofisi inasema baki hapo: dereva akiondoka na kichwa cha lori ana kosa gani?

MWANZISHA MADA

Wadau, kesi ya TransAm Trucking ya Marekani kila mtu anayo kwa sentensi moja. Upande mmoja: dereva alifukuzwa kazi kwa kukataa kufa kwa baridi. Upande wa pili: alitelekeza mzigo wa watu barabarani. Tuanze na kilichotokea, halafu tubishane.

Januari 2009, usiku, jimbo la Illinois, baridi chini ya sifuri. Dereva anavuta trela lenye mzigo, mafuta yanakaribia kuisha na kituo alichopangiwa na kampuni hakioni. Anaegesha pembeni. Dakika kama kumi baadaye anataka kuondoka, trela halisogei: njia za upepo wa breki zimeganda, breki zimeshika. Anapiga simu, anaambiwa fundi atatumwa. Hita ya kichwani nayo mbovu. Usingizi unamchukua, na baada ya saa mbili hivi anaamshwa na simu ya binamu yake, ambaye alieleza kwamba jamaa alikuwa anaongea kwa kuburuza maneno. Kiwiliwili kimekufa ganzi, miguu haisikii kabisa. Anapiga tena. Msimamizi anampa njia mbili: buruta trela hivyo hivyo, au kaa hapo umsubiri fundi. Akachagua ya tatu. Akaachanisha trela, akaondoka na kichwa peke yake kwenda kutafuta joto. Robo saa hivi baadaye fundi akafika, na dereva akarudi. Wiki haikuisha, kazi hana.

Sasa sheria. Kwa sheria ya 1982 Marekani inamlinda dereva wa lori anayekataa kuendesha gari kwa sababu ya hofu ya msingi kwamba ubovu wake utaleta majeraha makubwa, kwake au kwa watu wengine. Kampuni ikasema: huyu hakukataa kuendesha, aliendesha! Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikampa dereva ushindi, majaji wawili kwa mmoja. Aliyepinga ni Neil Gorsuch, aliyeingia Mahakama ya Juu ya nchi mwaka uliofuata, na katika usaili wake pale Seneti maseneta walimbana sana kwa hukumu hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inalinda kukataa, na mtu aliyewasha gari akaondoka kinyume cha maagizo hajakataa kuendesha.

Msimamo wangu: gari likiharibika njiani, neno la mwisho la kusimama na la kusogea liwe la aliyeko kwenye usukani. Haki ya kusimama peke yake ni nusu ya haki. Kuna ubovu ambao hatari iko kwenye kuondoka, na kuna ubovu ambao hatari iko kwenye kukaa. Ofisi iko kwenye joto, itaijuaje tofauti?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeipaka rangi nzuri, lakini mimi nimekaa upande wa ofisi. Trela lililoachwa pembeni ya barabara kuu usiku ni hatari kwa mwingine anayekuja. Na huo mlango ukiufungua, kila dereva atakayechoka kusubiri fundi atasema alihofia maisha yake. Mzigo umekabidhiwa kwa mtu. Kwa nini hakupiga simu ya dharura waje wamchukue?

MCHANGIAJI WA PILI (fundi wa breki za upepo)

Naomba niwatoe kwenye sheria kidogo, maana kuna kitu mnakipita haraka: ile amri ya kuburuta.

Breki ya maegesho kwenye trela haishikwi na upepo, inaachiwa na upepo. Ndani ya busta (lile kopo la breki kwenye ekseli) kuna springi nene. Upepo ukiwepo, springi inabanwa na tairi linazunguka. Upepo ukikatika, springi inaruka na kushika. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili trela likipoteza upepo lisimame lenyewe. Hewa inayotoka kwenye kompresa ina unyevu. Kikausha hewa kikichoka, maji yanajikusanya kwenye matangi na kwenye valvu, na baridi ikizidi yanakuwa barafu. Hapo hata ukanyage mafuta mpaka geji ya upepo ijae, hewa haifiki nyuma.

Ukimwambia mtu avute trela la namna hiyo, matairi hayazunguki, yanasuguliwa. Yanalika sehemu moja mpaka nyuzi, yanapasuka. Breki zikiachia nusu ndiyo mbaya zaidi: tairi linazunguka huku limebanwa, ngoma inapata moto, grisi inayeyuka, na trela zima linaweza kuwaka. Kwa hiyo kati ya zile njia mbili, moja haikuwa njia.

Kuna madereva wanaokaza bolti ya busta ili springi irudi nyuma, gari litoke. Inafanyika, na kwa kulisogeza lori lililoziba njia sina ugomvi nayo. Lakini hiyo ekseli haina tena breki ya maegesho wala ya dharura, na nimeyaona magari yaliyokazwa hivyo yakiendelea na safari nzima yakiwa na mzigo. Mtu akinambia ofisi ndiyo ilimwambia akaze aendelee, namwamini.

MWANZISHA MADA

Fundi, asante, hiyo ya ngoma kushika moto sikuigusa kabisa.

Mchangiaji wa kwanza, hoja ya trela kuachwa naikubali nusu. Lakini trela lilikuwa limekwama pale pale, dereva awepo asiwepo. Kichwa kuondoka hakukuliongezea ubaya. Simu ya dharura angeweza kuipiga, ndiyo, na ningependa angeipiga. Ila mtu aliyepoteza hisia miguuni hafikiri kama wewe na mimi tuliokaa kwenye kiti.

Na kuhusu mlango kufunguliwa: Wamarekani wana kanuni nyingine inayosema lori likigundulika bovu safarini linaruhusiwa kuendelea mpaka mahali pa karibu pa matengenezo tu, na pale tu ambapo kuendelea kuna hatari ndogo kwa umma kuliko kuliacha barabarani. Hapo imeshakubalika kwamba kuna kupima huku na huku. Mimi nataka kipimo hicho kimhesabu na dereva.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sawa, lakini si alishinda? Tunabishania nini?

MWANZISHA MADA

Alishinda kwa sababu majaji wawili waliona neno "kuendesha" lina utata, hivyo wakaikubali tafsiri ya Wizara ya Kazi, kwamba hata kukaa na gari lililosimama kunahesabika. Walitumia kanuni ya Chevron ya mwaka 1984, iliyowataka majaji wafuate tafsiri ya serikali pale sheria inapokuwa na utata na tafsiri yenyewe ina mantiki. Juni 2024 Mahakama ya Juu iliifuta kanuni hiyo, na Gorsuch alikuwa miongoni mwa walioifuta. Dereva atakayekwama hivyo leo atakuta hukumu ya 2016 ipo, lakini nguzo iliyoegemea haipo. Bunge lao lingeweza kuongeza maneno machache tu kwenye sheria ya 1982, dereva alindwe pia anapojiondoa kwenye hatari. Sijaona likifanya hivyo.