Jini akiingia tu, hadithi imeshakuwa fantasia?

Kibunzi: Wakuu, hadithi ikiwa na jini au mnyama anayesema, tayari ni fantasia? Kwa kipimo hicho hata Sungura na Fisi wamo. Na msomaji anayeamini majini yapo kweli, kwake hiyo si habari ya kawaida tu?

Mchanga wa Pwani: Jini peke yake si kipimo. Mtoe, kisha soma tena. Mgogoro ukibaki umesimama, jini alikuwa pambo. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952), Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa ndugu zake hao kila usiku. Futa kule kugeuzwa: kiboko hakina kazi, mfalme hana la kuuliza, kitabu kimekwisha.

Sungura na Fisi ni ngano. Fisi anasema na hakuna anayeshtuka wala anayedai maelezo. Kuhusu imani, usiipime kwa msomaji, ipime kwa maandishi: je, ndani ya hadithi jambo hilo linavunja kawaida ya watu wake au linaunda kawaida nyingine?

Karani: Naongeza hapo. Mhakiki wa fasihi Todorov (1970) aliweka mpaka mwembamba zaidi: fantastiki hudumu pale tu msomaji anaposita, hajui ni jini au ni homa. Akishaamua, imehamia kwenye maajabu au imerudi kwenye uhalisia. Kinachouzwa leo kama fantasia, chenye falme na ramani ukurasa wa kwanza, kwake kingekuwa maajabu.

Kwa anayeandika, Tolkien, mtunzi wa *The Lord of the Rings*, anasaidia zaidi. Katika insha yake kuhusu hadithi za kichawi, iliyotokana na mhadhara wa 1939, alisema kutamka "jua la kijani" ni rahisi. Kazi ni kujenga ulimwengu ambamo jua hilo linasadikika. Basi lifuatilie: chini ya jua hilo mtu anajuaje embe limeiva? Dagaa wakianikwa wanaonekana rangi gani? Swali moja likikosa jibu, msomaji anaanza kutilia shaka na mengine. Kosa jingine ni uchawi usio na gharama: shujaa akibanwa sura ya mwisho, linazuka jini ambalo halikutajwa popote. Na ukimaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto", umebomoa nyumba nzima. Tolkien aliziondoa kabisa hadithi za aina hiyo kwenye kundi la hadithi za kichawi.

Kibunzi: Nimekupata. Sasa *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert huyohuyo? Nchi inaelea angani.

Mchanga wa Pwani: Istiari. Ishushe chini, kesi ya Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, inabaki vilevile: sheria mbovu, baraza lisilotaka kusikia.

Karani: Hapo sikubali, mkuu. Karama anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa nje, mmoja wao ardhini. Ukiishusha nchi, yule wa ardhini anasafiri kwenda wapi?