Kokoto za Lugoba zenye vumbi au nyeupe za Kunduchi: zipi zitashikana na saruji?

Mjenzi_Mbezi: Wakuu, naomba ushauri. Slabu ya ghorofa, uwiano 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto za robo tatu ya inchi. Za Lugoba ni ngumu ila zimejaa vumbi la mashine. Za Kunduchi ni nyeupe, nyepesi kidogo. Fundi anasema mradi kokoto ina kona, saruji itashika tu. Ni kweli?

Nondo16: Kona na uso wenye mikwaruzo vinasaidia kweli, kuliko kokoto laini za mtoni. Ila hapo vumbi ndilo litakalokuumiza. Uji wa saruji unashika unga, na unga wenyewe haujashikana na jiwe. Ukivunja kyubu (kipande cha majaribio) ya zege hilo, kokoto zinachomoka nzima na kuacha mashimo laini. Pima: osha kilo 5 kavu juu ya chekeche laini sana mpaka maji yatoke safi bila tope, kausha, pima tena. Zikipungua zaidi ya gramu 75, osha mzigo wote.

Mzee wa Zege: Za Kunduchi ni mawe ya matumbawe. Uji huingia kwenye vinyweleo vyake, kwa hiyo kushikana si tatizo. Tatizo ni maji. Mfuko mmoja wa kilo 50 unabeba kokoto kama kilo 150. Zikinyonya 4%, lita 6 zimepotea. Zege linakauka mikononi, fundi anaongeza maji kwa macho. Ulipanga lita 25, sasa ni 31, na uwiano wa maji kwa saruji umetoka 0.5 hadi 0.62 kabla jiwe halijashiba. Maji hayo yanajikusanya kuzunguka kokoto na kuacha utando dhaifu wenye matundu. Loweka usiku, asubuhi zichuje mpaka uso using'ae. Tena mawe ya karibu na bahari huweza kuwa na chumvi, na chumvi inakula nondo. Kwa slabu, mimi ningechukua Lugoba.

Mjenzi_Mbezi: Nitaziosha ndani ya toroli, sawa?

Nondo16: Hapana mkuu, tope linabaki chini na unalirudisha kwenye zege. Tandaza juu ya wavu ulioinuliwa, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi huku ukigeuza kwa koleo. Ukiwa hapo chambua zilizo bapa: kokoto ya mm 20 yenye unene chini ya mm 12. Zikilala, maji yanayopanda hunaswa chini yake, na upande huo haushiki vizuri.