Naomba ushauri: vidonge vya beri za mwituni kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda)

Wakuu, habari zenu. Mama yangu anasumbuliwa na viungo. Asubuhi vidole vinakakamaa hata kufunga kifungo cha gauni hawezi. Ameletewa vidonge vya dondoo la bilberi, beri za mwituni, akaambiwa vitamaliza uvimbe.

Nimesoma kidogo. Ile rangi ya zambarau iliyokolea ni anthosianini, na maabara kweli zimeonyesha inadhibiti radikali huru (molekuli zinazoharibu seli) na kupunguza kemikali zinazochochea uvimbe kwenye seli. Ila mwilini ni habari nyingine, sehemu ndogo tu ndiyo hufyonzwa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti (vitu vinavyodhibiti radikali hizo) za vyakula, kwa kuwa vipimo vya maabara havithibitishi faida mwilini.

Kinachoninyima usingizi ni warfarini anayotumia. Naogopa asije akavuja damu, hivyo nimemsihi asianze kwanza. Kuna aliyeuguza mtu akatumia vyote viwili? Daktari alisemaje, na kipimo cha kuganda kwa damu kilirudiwa baada ya muda gani? Na akila beri zenyewe kama tunda tu, kuna shida? Wafamasia naombeni sana mnisaidie, maana mama anaviulizia kila siku.