Naomba ushauri: fomu ya mirathi ya Temeke kutumika Oman

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa anayezijua hizi taratibu. Marehemu baba mdogo aliacha hela benki huko Muscat, Oman, mahakama ya mwanzo hapa Temeke imeshanipa fomu ya usimamizi wa mirathi, nikapeleka kopi kwa wakili akagonga muhuri nikatuma, benki wameikataa wanataka ipitie Wizara ya Mambo ya Nje halafu ubalozi wa Oman. Vishoka huko nje kila mtu ana jibu lake, na bei yake. Sasa Wizara wanapokea muhuri wa mahakama ya mwanzo moja kwa moja au lazima kwanza saini ya hakimu ithibitishwe na msajili wa mahakama? Na tafsiri ya Kiarabu inafanywa kabla ya hiyo mihuri au baada?